Mbwa anatapika na kuinamisha kifua baada ya kulishwa aiskrimu na jibini: ni maziwa au kuna jambo jingine?

MtunzaNyumba wa Casuarina

Assalam aleikum, na hamjambo nyote.

Mimi ni mtunza nyumba katika mtaa wa Casuarina hapa Malindi. Mwajiri wangu ni mama wa Kiitaliano ambaye huja kila msimu wa kaskazi na kurejea kwao masika yanapokaribia. Tunaye mbwa mdogo wa mbegu ya kigeni, mwenye ndevu na nyusi ndefu, uzani wake kilo nane hivi, na umri wake umeshapita miaka minane. Mama anapokuwa hayupo, chakula cha mbwa huyu nakipima mimi mwenyewe asubuhi na jioni, naye hukaa salama. Mama akirudi, mambo hugeuka. Baada ya chakula cha mchana humpa kibakuli cha aiskrimu, jioni humrushia maganda ya jibini gumu, na wakija wageni huachiwa alambe vyombo vya mascarpone, lile jibini laini la malai, mpaka vikang'aa. Yote hayo hufanywa kwa mapenzi, wala sisemi kwa ubaya.

Tangu juzi mbwa huyu anatapika, kwanza chakula, kisha povu la manjano. Amekataa hata kuku wa kuchemsha. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mkao wake: huinamisha kifua na miguu ya mbele mpaka sakafuni, makalio yakabaki juu, akakaa hivyo kitambo huku ngozi ya mbavu ikimtetemeka. Nikimgusa tumbo hukunja mgongo na kunionyesha meno, jambo ambalo hajapata kulifanya.

Mama anasema ni joto tu. Mwenzangu wa langoni anasema maziwa ya ng'ombe hayawafai mbwa, basi dawa ni kumtafutia aiskrimu isiyo na maziwa, au ile isiyo na sukari inayouzwa kwa wagonjwa wa kisukari. Lakini jambo moja linanitatiza. Mbwa wetu wa ulinzi, koko mkubwa wa hapa hapa, hula mabaki yale yale na sijamwona akiugua. Ikiwa maziwa ni sumu kwa mbwa, mbona huyu hayamdhuru? Na je, nisubiri tumbo litulie, au nimpeleke kwa daktari hata kama mwenye mbwa haoni haja?

(Mimi ni Muislamu na taratibu za kujitoharisha baada ya kumshika nazijua, kwa hivyo tafadhali mazungumzo yasielekee huko.)

Mzee wa Maweni

Waaleikum salam, kijana wangu. Haya ya mbwa kudhurika kwa maziwa ni mapya masikioni mwangu. Marehemu baba alifuga mbwa wa kulinda mbuzi huko Ganda, na kila asubuhi walimiminiwa yaliyobaki kibuyuni, wakaishi mpaka wakaota mvi puani. Hawa mbwa wa nyumba za ufukweni wamedekezwa, wakipata joto kidogo hutapika. Mpe maji, mlaze kivulini, na umwache apumzike. Tumbo la mbwa hujitibu lenyewe.

Daktari wa Mifugo, Kilifi

Shikamoo mzee wangu. Kuhusu mbwa wa marehemu nitakuunga mkono hapo chini, lakini kuhusu kusubiri naomba niseme kinyume.

Ndugu MtunzaNyumba, mpeleke mbwa huyo leo kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa, na kama mwenye mbwa anasita, msomee maneno haya. Mbwa mwenye umri huo anapotapika mfululizo, akakataa chakula, akaumwa na tumbo, kisha akakaa kifua chini na makalio juu, jambo la kwanza linaloingia akilini mwa daktari ni kuvimba kwa kongosho, tezi inayosaidia kusaga chakula. Mkao huo ni namna ya mnyama kujipunguzia maumivu ya sehemu ya juu ya tumbo. Huonekana pia katika maradhi mengine, likiwemo la utumbo kuziba, na hayo nayo hayangoji kesho. Nasema haya bila kumwona, kwa hivyo neno la mwisho ni la atakayempapasa.

Sasa nije kwenye swali lako la maziwa, maana watu huchanganya mambo mawili yasiyofanana. La kwanza ni sukari ya maziwa, iitwayo laktosi. Mtoto wa mbwa huzaliwa na wingi wa kimeng'enya cha laktasi katika utumbo mwembamba, na kazi yake ni kuivunja laktosi ili ifyonzwe mwilini. Akishaachishwa kunyonya, kimeng'enya hicho hupungua, kwa wengine kidogo na kwa wengine sana. Laktosi isiyovunjwa huteremka mpaka utumbo mpana, ikavuta maji, na bakteria wa huko wakaichachusha. Ndipo unaposikia tumbo likinguruma, gesi ikatoka na mbwa akaharisha. Ni kero, na kwa mbwa mdogo au mzee kuharisha kunaweza kumkausha maji, lakini aghalabu hali hiyo hupita kwa siku moja au mbili maziwa yakikatwa. Hapa ndipo ninapomuunga mkono Mzee wa Maweni: mbwa waliozoeshwa maziwa kidogo kidogo tangu utotoni wanaweza kuyavumilia, na maziwa ya ng'ombe yenyewe yana mafuta ya asilimia 3 hadi 4 tu. Maziwa ya mbwa jike yana mafuta zaidi ya maradufu ya hayo, ila laktosi yake ni pungufu.

Jambo la pili ni mafuta, nalo ndilo linalomhusu mbwa wenu. Jibini gumu lililokaa muda mrefu karibu halina laktosi kabisa, basi mtu anayeogopa laktosi peke yake ataliona ni salama. Lakini mafuta yake yanakaribia thuluthi ya uzani wake, na chumvi yake si haba. Siagi ni mafuta kwa asilimia 80, na samli ni mafuta matupu. Kongosho ni tezi ndefu iliyolala kando ya tumbo na mwanzo wa utumbo, na ndiyo inayotengeneza vimeng'enya vya kusaga mafuta, protini na wanga. Huvihifadhi vikiwa havina nguvu, vipate nguvu tu vikishafika utumboni. Kongosho linapovimba, vimeng'enya hivyo hupata nguvu vikiwa bado ndani ya tezi, vikaanza kuisaga tezi yenyewe. Mara nyingi chanzo hasa hakibainiki, ila mlo wa ghafla wenye mafuta mengi, unene, na mafuta kuzidi katika damu ni mambo yanayohusishwa sana na ugonjwa huu. Dalili zinaweza kuanza saa chache baada ya mlo au siku kadhaa baadaye, na kwa sababu ya kuchelewa huko wenye mbwa hulaumu joto, nyasi au maji ya kisima, wakaisahau karamu ya Jumapili.

Ndevu na nyusi ulizozitaja zinanifanya nidhani huyo ni Miniature Schnauzer. Kama ndivyo, ujue kwamba wengi wa mbegu hiyo huwa na mafuta mengi katika damu hata pasipo kulishwa jibini, na hupatwa na ugonjwa wa kongosho kuliko mbwa wengi wengine. Ndiyo sababu mojawapo ya koko wenu kusalimika. Sababu nyingine ni uzani. Mbwa wa kilo 8 anahitaji takriban kalori 500 kwa siku, na kanuni tunayoifuata ni kwamba vitafunio visizidi asilimia 10 ya hizo, yaani kalori 50. Kibakuli cha aiskrimu cha gramu 100 kinaweza kuwa na kalori 200. Kwa mbwa huyo ni sawa na wewe kumaliza vibakuli vinne kwa mkupuo mmoja, tena baada ya kushiba wali. Koko wa kilo 25 hukila kile kile kikawa ni theluthi tu ya mzigo ule kwa kila kilo ya mwili wake. Na ukweli ni kwamba hakuna anayekesha naye uani kutazama kama anaharisha.

Mawili matatu ya kujihadhari mkiwa njiani. Usimpe dawa ya maumivu ya binadamu, iwe ibuprofen, diclofenac au paracetamol, kwa kuwa zinaweza kumtoboa tumbo, kuharibu figo au kuharibu ini. Usimlazimishe kula. Maji mpe kidogo kidogo. Na ile aiskrimu isiyo na sukari ndiyo ninayoiogopa kuliko zote mlizozitaja, kwa sababu baadhi yake hutiwa utamu wa zailitoli, ambayo kwenye kibandiko utaiona imeandikwa *xylitol* au E967. Kwa binadamu haina neno. Mwili wa mbwa huipokea kana kwamba ni sukari nyingi, ukamwaga insulini kwa kasi, na katika muda wa nusu saa au saa moja sukari ya damu ikaporomoka, akapepesuka na kuingiwa na degedege. Kwa mbwa wenu hata gramu moja inatosha kuleta hayo, na kipimo kikizidi huharibika ini.

Mpishi wa Watamu

Daktari amemaliza ya tumbo, mimi niongeze ya jikoni, kwani nimezipikia nyumba za wageni kutoka Malindi mpaka Watamu kwa miaka mingi.

Kwanza niitetee kidogo aiskrimu ya Kiitaliano, inayolaumiwa kuliko wenzake. Gelato hutengenezwa kwa maziwa mengi na malai kidogo, kwa hivyo mafuta yake huwa kati ya asilimia 4 na 9, ilhali huko Marekani kitu hakiruhusiwi kuitwa aiskrimu ikiwa mafuta ya maziwa hayafiki asilimia 10. Mascarpone ni habari nyingine kabisa: ni malai yaliyopashwa moto na kugandishwa kwa asidi, kisha yakachujwa maji, na zaidi ya asilimia 40 yake ni mafuta. Mbwa aliyelamba vyombo vya wageni sita, pamoja na bakuli kubwa la kuchanganyia, anaweza kuwa amekula mafuta mengi kuliko aliyoyapata kwenye aiskrimu ya siku kadhaa. Wenye nyumba huona ni mabaki tu, wala hawayahesabu kuwa ni chakula. Kwa hivyo, ndugu, ukitaka kujua kilichomwangusha, usianzie kwenye friza. Anza kwenye sinki, uangalie vyombo vinavyowekwa sakafuni kabla ya kuoshwa.

Pili, mascarpone hapa kwetu hailiwi tupu. Aghalabu huwa ni tiramisu, kitindamlo cha Kiitaliano, na ndani yake mna kahawa, kakao na mara nyingi pombe. Kakao na chokoleti zina kemikali iitwayo theobromini, ambayo mwili wa mbwa huiondoa polepole mno, na kadiri chokoleti inavyokuwa nyeusi ndivyo inavyokuwa kali. Aiskrimu ya malaga ina zabibu kavu zilizolowekwa kwenye pombe, na zabibu, ziwe kavu au mbichi, zimeshawaua mbwa kwa kuzima figo zao. Ya makadamia humlegeza mbwa miguu ya nyuma. Jibini la gorgonzola, lenye mishipa ya kuvu ya kijani, nalo lisimfikie, maana kuvu hiyo inaweza kutoa kitu cha kumtetemesha mbwa mwili mzima. Na jibini laini la kupaka linalouzwa likiwa na ladha ya kitunguu au kitunguu saumu lina hatari yake, kwa kuwa vitunguu huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa. Vanila isiyo na kitu ndani ndiyo yenye nafuu, na hata hiyo mmesikia hesabu yake.

Tatu, na hili ndilo nililokusudia hasa kuliandika: usimwendee mama kwa kumkataza. Mwajiri akiambiwa na mfanyakazi wake kwamba anamuua mbwa wake, atakachosikia ni dharau. Mtu anayempa mbwa kibakuli kila mchana anapenda ile shughuli yenyewe, mbwa kumkalia mbele na kumtazama mkono. Mwachie shughuli hiyo, ubadilishe kilichomo. Kata tikiti maji, toa mbegu zote na lile ganda gumu, uligandishe vipande vidogo na uvipange kwenye kibakuli kile kile. Gramu 100 za tikiti maji zina kalori 30 tu na mafuta karibu na sufuri. Papai lililoiva pia linafaa, bila mbegu.

MtunzaNyumba wa Casuarina

Nawashukuru nyote, hasa daktari kwa kunihimiza. Nilimsomea mama maelezo yale neno kwa neno, akanyamaza, kisha akaenda mwenyewe kutafuta ufunguo wa gari.

Kwa manufaa ya wengine nieleze kilichofanyika. Daktari alimpapasa tumbo na kumpima joto, akamkuta amekauka maji: alipoivuta ngozi ya shingo na kuiachia, haikurudi upesi kama inavyotakiwa. Akamtoa damu. Kichupa kilipokaa kitambo, damu ikajitenga, nyekundu ikazama chini, na maji ya juu, yanayopaswa kuwa angavu, yakawa meupe mithili ya maziwa. Daktari akakiinua kichupa dirishani, akamwambia mama kwamba weupe ule ni mafuta, na kwamba mbwa huyu hajala kitu tangu jana. Mama alikitazama sana kile kichupa. Sikuhitaji kuongeza neno.

Alilazwa akatiwa dripu, sindano ya kuzuia kutapika na dawa ya maumivu. Sasa yuko nyumbani, anakula kidogo kidogo mara nne kwa siku. Lakini nina maswali mawili. Nilidhani mbwa mwenye ugonjwa huu hufungishwa chakula kabisa, mbona nimeambiwa nimlishe mapema? Na je, ugonjwa huu huisha, au ndiyo umeshakuwa mwenzake?

Daktari wa Mifugo, Kilifi

Nimefurahi kusikia hivyo. Damu kuwa nyeupe ilhali mbwa hajala kwa nusu siku au zaidi ni ushahidi mzito kwamba mafuta yamezidi mwilini mwake. Baada ya mlo tu, damu ya mbwa yeyote inaweza kuwa na ukungu kidogo, ndiyo maana huulizwa saa aliyokula mara ya mwisho.

Kuhusu kufunga chakula, ulivyodhani ndivyo tulivyofundishwa zamani: kongosho lipumzishwe kwa siku kadhaa bila kitu. Siku hizi tunajua kwamba utumbo usiopitisha chakula kwa muda mrefu hudhoofika na kupona hukawia, kwa hivyo kutapika kukishadhibitiwa mbwa hulishwa mapema, ila chakula kiwe na mafuta machache mno. Kifua cha kuku bila ngozi na wali uliochemka vizuri, au samaki mweupe aliyetolewa miiba yote, vinatosha kwa siku hizi za mwanzo. Changu au tewa anafaa. Ng'onda hafai kwa sababu ya chumvi. Chakula hicho si cha kudumu nacho, kwa kuwa kinapungukiwa na madini na vitamini. Muulize daktari wake chakula maalumu cha mafuta machache.

Kama utaisha, wengi hupona, hasa wakiwahiwa. Wengine hubaki na uvimbe wa chini kwa chini unaowarudia. Kongosho likiharibika sana, mbwa anaweza kupata kisukari, au akakosa vimeng'enya vya kutosha. Huyo wa pili utamjua kwa kula sana huku anakonda, na kinyesi chake kuwa kingi, cheupe-cheupe na chenye mafuta. Ukiona mojawapo, au ukiona anakunywa maji na kukojoa kuliko kawaida yake, mrudishe.

Bint wa Mambrui

Samahani kwa kuingilia. Nyumbani hatununui jibini la kigeni, lakini mbwa wetu hupewa maziwa ya mbuzi, na wakati mwingine mtindi. Pia wali wake huungwa kwa tui, na mama yangu humtilia kijiko cha samli manyoya yakififia. Nimesoma mahali kwamba maziwa ya mbuzi hayana laktosi. Je, vyetu hivi ni salama zaidi?

Daktari wa Mifugo, Kilifi

Dada yangu, ulichosoma si kweli. Maziwa ya mbuzi yana laktosi ya asilimia 4 na kitu, ya ng'ombe yanakaribia 5, na tofauti hiyo ni ndogo mno kumwokoa mbwa ambaye tumbo lake haliyataki. Jambo muhimu zaidi ni kuyachemsha. Maziwa mabichi ya mbuzi yanaweza kubeba bakteria wa brusela, ambao humwambukiza mbwa na vilevile nyinyi mnaoyashika na kuyanywa. Mtindi una nafuu kwa upande wa laktosi, kwa kuwa bakteria walioyagandisha maziwa wameshaila sehemu yake. Kijiko kimoja cha mtindi usiotiwa sukari wala ladha si kitu kwa mbwa mzima mwenye afya.

Tui ndilo linalosahauliwa kwa sababu halitoki kwa mnyama. Halina laktosi hata chembe, lakini tui zito la kwanza lina mafuta ya asilimia 20 au zaidi, yaani mengi kuliko hayo maziwa mnayoyaogopa. Mchotee wali mweupe kabla ya kutia nazi. Ama samli, kijiko kimoja cha mezani kina kalori zipatazo 120, na mbwa wenu akiwa wa kilo 10 hiyo ni karibu moja kwa tano ya mahitaji yake ya siku. Manyoya yaliyofifia aghalabu ni minyoo, viroboto au chakula cha aina moja tu kila siku, hivyo anza kwa dawa ya minyoo.

Mzee wa Maweni

Daktari, nimekuelewa, na marahaba. Nina moja tu. Sisi maziwa huyaweka hasa kwa mbwa aliyelishwa sumu, maana wezi wa mifugo wana tabia hiyo, na nimeona kwa macho yangu mbwa aliyenyweshwa maziwa akainuka. Na hilo nalo utalikana?

Daktari wa Mifugo, Kilifi

Mzee wangu, nitalikana kwa heshima. Maziwa si dawa ya sumu yoyote kati ya zile wanazozitumia wezi. Nyingi ya sumu za kuulia wadudu huyeyuka katika mafuta, na mafuta ya maziwa yanaweza kuzisaidia kuingia mwilini upesi zaidi. Aidha, mbwa aliyeanza kutetemeka au kupoteza fahamu hawezi kumeza sawasawa, na ukimmiminia maziwa mdomoni yataingia mapafuni. Aliyeinuka pengine alikula kidogo, au alitapika mapema. La kufanya ni kumkimbiza kwa daktari, na kubeba kilichobaki cha nyama ile au kopo la sumu likionekana, huku mkiwa mmevaa mifuko ya plastiki mikononi, kwa sababu matibabu hutegemea aina ya sumu.

MtunzaNyumba wa Casuarina

La mwisho kutoka kwangu. Mbwa amepewa vidonge, na mama amezoea kumfichia kidonge ndani ya kipande cha jibini. Anauliza kama kipande kidogo kwa ajili ya dawa tu kinaruhusiwa, kwa kuwa bila hicho hutema.

Daktari wa Mifugo, Kilifi

Kwa huyu hapana, hata kidogo, angalau mpaka damu yake irudi kupimwa na kuonekana safi. Tumieni boga lililochemshwa na kupondwa, au kifua cha kuku kilichosagwa na kuviringishwa donge dogo: mpeni donge tupu la kwanza, la pili lenye kidonge, na la tatu liwe limeshikwa vidoleni mbele ya macho yake ili ameze la pili haraka. Siagi ya karanga ambayo wengine humshaurini msiitumie, kwa kuwa nusu yake ni mafuta na baadhi ya chapa zina zailitoli. Kwa koko wenu, kipande cha jibini kisichozidi ukucha wa kidole gumba hakina neno siku ya dawa ya minyoo. Vidonge vingine havipaswi kuchanganywa na chakula cha aina yoyote, kwa hivyo kabla ya donge hilo la kuku msomeeni daktari wake jina lililo kwenye pakiti.